Ni Nani Anayekuja?

Wanaoandika habari za nchi yetu ya Buha huanza na watawala wa Heru, Muhambwe na Buyungu. Kisha huja kwa Wajerumani na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, wakapita kwa Wabelgiji waliotukalia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakaja kwa Waingereza, na mwisho wakafika kwenye Uhuru. Mpango huo ni mzuri, na mimi mwenyewe nimeuandika ubaoni kwa miaka mingi. Lakini leo nataka kupita njia nyingine. Nataka kusimulia sehemu ya historia hiyo kwa kufuata taa za magari, na hasa zile taa ndogo za rangi ambazo vijana wetu wa Kibondo na Kasulu huzifunga siku hizi chini ya dashibodi, kwenye viti na pembeni mwa bodi. Najua msomaji anaweza kucheka. Mimi pia nilicheka, mpaka usiku ule nilipokaribia kuungua nazo.

Usiku wenyewe ulikuwa wa masika. Nilikuwa nimekwenda Kibondo kwenye msiba, nikarudi Kasulu kwa gari la mjukuu wangu. Gari lake ni Probox, lile ambalo watu wa kwetu hulichekea na kulipenda kwa jina la mchomoko. Nilipofungua mlango nilikuta ndani kuna mwanga wa buluu kila mahali, kama chumba cha disko. Nikamwuliza kama tunakwenda Kasulu au tunakwenda harusini. Abiria wakacheka. Yeye akanijibu kwa adabu, "Babu, hii ndiyo biashara yenyewe." Nikanyamaza, nikafunga mlango. Sina budi kukiri kwamba tulikuwa abiria wengi kuliko viti, na mimi mzee wa watu sikusema neno.

Hatujafika Makere, mama mmoja aliyekaa nyuma na mtoto akasema ananusa plastiki inayoungua. Kijana akapunguza mwendo. Kabla hajasimama, moshi ulianza kutoka chini ya dashibodi upande wangu, mwembamba na mchungu. Zile taa za buluu zikacheza mara mbili, zikazimika. Tulishuka kwa kusukumana. Kizima moto kilikuwapo, lakini muda wake ulikuwa umekwisha. Kijana akafungua boneti, akachukua spana namba 10 akaanza kulegeza kichwa cha betri, na mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alipokiondoa, moshi ulipungua, ukakoma. Hakuna aliyeumia. Mtoto wa yule mama hata hakuamka.

Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa nzima hivi, gizani. Kila mwanga ulipotokea mbali kilimani, wote tuligeuka na mtu mmoja akauliza swali lilelile: "Ni nani anayekuja?" Na kila mara palikuwa na mtu wa kujibu. Huyo ni basi, taa zake ziko juu. Huyo ni lori, anapanda polepole. Huyo ni pikipiki, au ni gari lenye jicho moja. Nilipokuwa nimekaa pale juu ya jiwe nilitambua kwamba swali hilo nimelisikia tangu utoto wangu, na kwamba majibu yake, yakipangwa kwa miaka, ni historia ya nchi yetu.

Nilizaliwa wakati nyumba zetu zikimulikwa na moto wa kuni na koroboi. Aliyekuwa na chemli alihesabiwa kuwa mtu mwenye uwezo, na karabai ilionekana kanisani au kwa mwenye duka. Gari lilikuwa kitu cha nadra. Basi taa mbili zilipotokea kilimani usiku, watu walitoka nje kutazama. Katika siku hizo za Waingereza, Buha ilikuwa nchi ya kutoa vibarua. Wazee wetu walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Wenye mashamba walikuwa wameunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi mwaka 1944, na watu wa kwetu waliijua kwa jina la SILABU. Lori la kuchukua vibarua lilikuja na kuondoka, na wanawake wakabaki na mashamba na watoto. Kwa hiyo kwa mama zetu taa za lori hazikuwa jambo la furaha. Zilikuwa na maana ya mume au kaka anayeondoka.

Taa zenyewe zilikuwa hafifu. Magari ya kwanza kabisa duniani yalitumia taa za mafuta na taa za kabidi, yaani gesi inayotoka kabidi ikidondoshewa maji. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye mtambo kamili wa umeme wa kuwasha injini na taa, kazi iliyoongozwa na mhandisi Charles Kettering. Gari la Ford la Model T, lililokuwa gari la watu wa kawaida, lilipata taa za umeme miaka michache baadaye, lakini umeme wake ulitoka moja kwa moja kwenye mtambo wa injini. Injini ikienda polepole, taa nazo zikafifia. Sisi tuliokua na baiskeli za dinamo tunalielewa jambo hilo bila mwalimu: ukiteremka mlima unaona kila jani, ukipanda mlima unakwenda kwa kubahatisha. Na nchi yetu ni ya kupanda na kushuka.

Uhuru ulikuja, na baada yake Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1972 na miaka iliyofuata watu wa mkoa wetu walihamishwa kutoka mashambani mwao, wakapangwa katika vijiji vya Ujamaa. Wakati huo nilikuwa kijana, mwalimu mpya. Naweza kusema kwa haki kwamba vijiji vilileta shule, na mimi ni mmoja wa walioajiriwa kwa sababu hiyo. Lakini siwezi kusahau jinsi wazee walivyotazama taa za malori yaliyokuja kubeba watu na vyombo vyao. Waliuliza, "Ni nani anayekuja?" na jibu likawa, "Ni Serikali." Basi wakaanza kufunga mizigo.

Kisha zikaja taabu za miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980: bei ya mafuta duniani, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na maduka matupu. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana ili kuokoa mafuta. Globu ya gari ilikuwa kitu cha kuandikiwa barua kwa ndugu aliye Dar es Salaam. Magari mengi yalitembea na taa moja, na utingo akatoa mkono dirishani akishika tochi.

Ni katika miaka hiyo nilipotenda jambo ambalo limenirudia usiku ule wa Makere. Mwaka 1981 nilikuwa mkuu wa shule ya msingi. Kijana mmoja wa darasa la saba alikuja shuleni na baiskeli ya baba yake. Alikuwa amevuta waya kutoka kwenye dinamo, akaupitisha chini ya tandiko, akafunga globu ndogo ya tochi ndani ya kichupa cha dawa alichokipaka rangi nyekundu. Baiskeli ikienda, kichupa kiliwaka chini ya tandiko. Taa ya mbele haikuwapo kabisa. Nilimwita ofisini. Nikamwuliza taa ile ni ya nini, ikiwa haimulikii njia. Akasema, "Ni ili watu wajue kwamba ni mimi ninayekuja."

Niliona ni majivuno na upuuzi. Wakati wenzake wanasoma kwa koroboi, yeye anachezea umeme kwa urembo. Nikamchapa fimbo, nikachukua ile dinamo nikaifungia kabatini. Nilikusudia kumrudishia siku ya kumaliza shule. Siku hiyo nilikuwa safarini kwa kazi. Baadaye ile dinamo nilimpa mtu mwingine. Yule kijana sikumwona tena, na baba yake hakuja kuidai. Sikulifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, kwa sababu wakati ule mwalimu hakuulizwa.

Baada ya mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya biashara, bidhaa zikaanza kurudi madukani, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi. Hapo ndipo nilipoanza kuona urembo wa taa kwenye magari ya kwetu: globu nyekundu na za kijani juu ya paji la lori, maandishi yanayomulikwa kwa nyuma, taa za kuwakawaka kwenye picha ya Bikira Maria au kwenye aya iliyobandikwa juu ya kioo.

Lakini miaka hiyohiyo ilituletea taa za namna nyingine. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kuja kwetu kwa maelfu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Barabara zetu zikajaa magari meupe ya mashirika, yenye taa kali ambazo hatukuwa tumeziona. Ukiona taa zile kilimani ulijua ni chakula, au dawa, au wageni. Pamoja na hayo, silaha zilizagaa, na ujambazi wa barabarani ukawa mkubwa. Mabasi yalisindikizwa na askari. Dereva aliyesafiri peke yake alikuwa radhi kuzima taa akiona kitu asichokielewa mbele yake. Katika miaka ile swali la "ni nani anayekuja" liliulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingine jibu lilikuwa mti uliolazwa barabarani.

Msomaji ataona kwamba katika vipindi vyote hivyo taa ilikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa ya mwenye mkonge, ya Serikali, ya shirika, ya askari au ya jambazi. Sisi tulikuwa watu wa kusimama mlangoni na kuisoma.

Sasa niseme kidogo habari za hizi taa mpya, kwa maana nilirudi nyumbani nikazisoma. Watu huziita taa za LED. Hazina uzi unaowaka kama globu ya zamani. Ndani yake kuna punje ya madini yaliyotengenezwa kiwandani, na umeme ukipita humo mwanga hutoka. Mrusi mmoja, Oleg Losev, alilichunguza jambo hilo na kuandika juu yake mwaka 1927. Hakuishi kuona faida yake, kwani alikufa kwa njaa mwaka 1942 mji wa Leningrad ulipozingirwa na Wajerumani. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alipata LED nyekundu inayoonekana kwa macho, na ile nukta nyekundu ya redio zetu ni mtoto wake. Rangi ya buluu ndiyo iliyowashinda watu kwa miaka thelathini, na bila ya buluu hakuna nyeupe. Waliofaulu ni Wajapani: Isamu Akasaki na Hiroshi Amano huko Nagoya, na Shuji Nakamura aliyeajiriwa na kampuni ya Nichia katika mji wa Anan, kisiwa cha Shikoku, mbali na Tokyo. Nakamura aliambiwa aache kazi ile, hakuacha, na mwaka 1993 LED ya buluu yenye mwanga mkali ikatangazwa. Mwaka 2014 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Niliposoma kwamba Nakamura aliamriwa kuacha, nilikumbuka kabati langu la shule, nikafunga kitabu kwa muda.

Asubuhi iliyofuata ile safari, mjukuu wangu alitaka kuzing'oa taa zote na kuzitupa. Nilimwambia asitupe kitu kabla hatujajua kosa liko wapi. Tukamwita fundi wa umeme wa magari, mtu mzima mwenye subira, tukakaa watatu chini ya mwembe. Yale niliyojifunza siku hiyo nayaandika hapa, kwa sababu naamini magari mengi yanayopita kwenye barabara zetu yamefungwa kama lilivyofungwa lile.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye waya. Aliyefunga taa alichukua umeme moja kwa moja kwenye nguzo chanya ya betri, bila fyuzi, kwa waya mwembamba kama wa spika. Kosa la pili lilikuwa kwenye tundu. Waya ule ulipitishwa kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, bila mpira wa kuuzuia usisuguane na bati. Sasa bodi ya gari ndiyo waya wa kurudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo gari lilipotikisika siku nyingi, ganda la waya likakatika, shaba ikagusa bati, na umeme ukapata njia fupi ya kurudi. Hiyo ndiyo shoti. Betri ndogo ya gari, inayoonekana haina nguvu, inaweza wakati huo kusukuma ampia mamia. Waya mwembamba ukawa mwekundu kama chuma cha mhunzi.

Fundi alisema neno ambalo ningependa kila kijana alikariri: fyuzi hailindi taa, inalinda waya. Kwa hiyo inakaa karibu na betri kadiri inavyowezekana, kusudi kipande cha waya kisicho na ulinzi kiwe kifupi. Ukubwa wake unatokana na hesabu ya darasani. Utepe wa taa wenye wati 14.4 kwa kila mita, ukiwa na urefu wa mita 5, unakula wati 72. Gawanya kwa volti 12, utapata ampia 6. Waya uwe wa kubeba zaidi ya hizo bila kupata moto, na fyuzi iwe kubwa kidogo kuliko matumizi, lakini ndogo kuliko uwezo wa waya. Anayeweka fyuzi ya ampia 30 kwa waya wa ampia 10 hajaweka kitu.

Tena nilijifunza kwa nini taa hizi huungua upesi. Katika utepe wa volti 12, taa tatu hupangwa mfuatano pamoja na kipingamizi kidogo. Kila taa ya buluu au nyeupe inachukua kama volti 3.2, hivyo tatu zinachukua 9.6, na volti 2.4 zinazobaki zinamezwa na kipingamizi. Lakini injini ikiwaka, mtambo wa kuchaji huipandisha betri hadi volti 14 na zaidi. Zikifika 14.4, kipingamizi kinabebeshwa volti 4.8, yaani mara mbili, na umeme unaopita kwenye taa unakaribia kuwa mara mbili pia. Ndiyo sababu fundi mzuri huweka kifaa cha kushikilia volti zisipande. Mwenye lori au basi la volti 24 akiunga utepe huo moja kwa moja, utaungua mara moja.

Jambo lingine ni upande wa kuunga. Globu ya zamani haijali umeme unaingilia wapi. LED ni mlango wa njia moja: ukigeuza chanya na hasi, haiwaki. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalikuwa yameunganishwa nguzo chanya kwenye bodi, kinyume cha haya ya sasa. Basi mwenye gari la kale apime kwanza kabla ya kuunga.

Fundi alianza upya. Aliweka kishikio cha fyuzi kando ya betri. Alivuta waya mnene kidogo, akaupitisha kwenye tundu lenye mpira. Aliweka rilei inayoamshwa na swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukitolewa taa zizimike zenyewe. Kabla ya hapo taa zilikuwa zikisahauliwa usiku kucha. Utepe unaokula ampia 2 kwa saa 10 unamaliza ampia-saa 20, karibu nusu ya betri ndogo, na asubuhi abiria wanasukuma gari. Viungo hakuvisokota kwa vidole na kuvizungushia nailoni. Alivibana na kuviunga kwa risasi, akavifunika. Waya hasi aliufunga kwenye chuma alichokikwangua rangi. Alihakikisha hakuna waya unaoning'inia karibu na pedali.

Mwisho nilimwomba jambo moja, na kijana alikubali bila ubishi. Tuliondoa ule utepe uliokuwa mbele ya gari, wenye rangi nyekundu na buluu za kuwakawaka. Tangu zamani madereva wa dunia nzima wanasoma lugha moja: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 uliandika kwamba gari lisionyeshe nyekundu mbele, wala nyeupe nyuma isipokuwa linaporudi kinyumenyume. Vimulimuli ni vya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Ukiweka nyekundu mbele, yule anayeuliza "ni nani anayekuja" atajibiwa uongo, atadhani unakwenda wakati unakuja. Zikabaki taa za ndani tu, buluu, tukazipunguza mwanga ili zisimzuie dereva kuona njia kupitia kioo.

Tulipomaliza nilimwuliza mjukuu wangu swali lile nililomwuliza yule mwanafunzi mwaka 1981. Nilimwuliza kwa upole safari hii. Taa hizi ni za nini hasa? Alifikiri kidogo. Akasema michomoko ni mingi na yote inafanana, mingi ni myeupe. Abiria anayesubiri alfajiri, hasa mwanamke aliye peke yake, anaogopa kupanda gari asilolijua. Wateja wake wanaijua buluu yake. Wakiiona ndani ya gari, wanasimama na mizigo yao tayari.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesikia jibu hilo miaka zaidi ya arobaini iliyopita, kutoka kwa mtoto mwenye kichupa chekundu, nikalipa fimbo. Sisemi kwamba taa ile ya baiskeli ingemfanya kuwa Nakamura. Nasema tu kwamba katika nchi ambayo taa zote za barabarani zilikuwa za watu wengine, mtoto wa Kiha alitengeneza yake ili ajulikane, na mtu aliyepewa kazi ya kumfundisha aliifungia kabatini. Kilichostahili kufanyika ni kumwonyesha namna ya kuweka taa ya mbele pia. Ikiwa bado yu hai, naye ni mtu wa makamo karibu na uzee, namwomba radhi. Dinamo sinayo.

Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulifika kwetu, baada ya miaka ya jenereta za dizeli. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260 hivi, ikajengwa kwa lami. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, jambo lililokuwa limezuiwa tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo barabara zetu usiku zina taa nyingi kuliko wakati wowote niliowahi kuuona, na mwendo nao umeongezeka. Vijana wataendelea kufunga taa za rangi, tupende tusipende. Kuwakataza ni rahisi, nami niliwahi kukataza. Afadhali wakuu wa shule na vyuo vya ufundi wachukue utepe mmoja, betri moja na fyuzi moja, wavipeleke mbele ya darasa. Somo hilo ni la kipindi kimoja.

Siku hizi kijana hunipitia jioni akiwa na mzigo wa sokoni. Mimi hukaa barazani, macho yangu si mazuri tena, na magari yote kwangu ni kivuli chenye taa mbili. Likitokea moja lenye buluu ndani yake, mke wangu huuliza kutoka jikoni ni nani anayekuja. Namjibu kwamba ni mtoto wetu, aongeze maji ya chai.